Kabla ya mashine ya chumvi, tazama birika lako

Mjomba wangu ana nyumba ya wageni Jambiani, Unguja: vyumba sita, na bwawa dogo la kuogelea nyuma ya jiko. Kwa miaka minne bwawa hilo lilikuwa likitiwa unga wa klorini kwa kikombe, kila jioni, na kijana ambaye kazi yake hasa ni bustani. Siku moja mjomba akanitumia kwa WhatsApp picha saba za mashine za chumvi, zile zinazotengeneza klorini ya bwawa kutokana na chumvi, zote nyeupe, zote zina taa za buluu, na chini yake swali: "Mwanangu, katika hizi ninunue ipi?"

Nikamjibu: "Mjomba, nitumie kwanza picha ya birika la jikoni, ndani."

Alidhani namfanyia mzaha. Picha ilipokuja, ndani ya birika mlikuwa na gamba jeupe nene kama ukucha, limeshika hadi kwenye mdomo, kama chokaa iliyopakwa na fundi mvivu. Picha ile ilinieleza mengi kuliko zile saba.

Kabla ya hapo kuna uongo mtamu wa kuuondoa njiani. Wauzaji wanapenda kusema kwamba ukiwa na bwawa la chumvi umeachana na klorini. Hujaachana nayo hata kidogo. Umeacha kuinunua kwa ndoo, sasa unaitengeneza mwenyewe. Chumvi ya kupikia ni sodiamu na klorini zilizoshikamana. Maji ya bwawa yakiwa na chumvi kidogo, pampu huyasukuma kupita kwenye filta, kisha kwenye kitu mafundi wanachokiita seli: kijumba cha plastiki, mara nyingi angavu, chenye safu ya sahani nyembamba za titaniamu zilizopakwa ruteniamu au iridiamu. Kwenye sahani hizo unapita umeme wa aina ya betri, volti chache tu. Upande wa chanya inazaliwa klorini na kuyeyuka papo hapo. Upande wa hasi maji yanavunjika, vinatoka viputo vya haidrojeni, na maji yanayoigusa sahani hiyo yanageuka kuwa na ukali wa magadi.

Klorini ikishafanya kazi yake, au jua likishaivunja, hurudi kuwa chumvi. Kwa hiyo chumvi haitumiki ikaisha wala haipandi na mvuke. Inatoka pale tu maji yanapotoka: watoto wakirusha maji nje, filta ikioshwa, bwawa likifurika wakati wa masika, au kuta zikiwa na ufa.

Kiasi kinachotakiwa na mashine nyingi ni gramu 3 hadi 4 kwa lita. Maji ya bahari yana takriban gramu 35. Mgeni akimeza funda la maji ya bwawa atahisi ladha ya mbali, basi. Na hapo linakuja swali ninaloulizwa kila mara katika ukanda wa pwani: kwa nini tusivute tu maji ya bahari, yako hatua hamsini? Kwa sababu chumvi ikizidi mara kumi, umeme unaopita kwenye sahani unapanda kupita uwezo wa mashine nayo inajizima, na magnesiamu na kalsiamu za bahari zinazifunika sahani kwa kasi. Ziko seli zilizotengenezwa kwa maji ya bahari, lakini huo ni ununuzi mwingine, wenye pampu na vyuma vyake.

Faida ya kweli ya mashine ni dozi ndogo ndogo mchana kutwa badala ya kikombe kimoja cha jioni. Macho kuwasha na ile harufu watu wanayoiita "ya klorini" hutoka zaidi kwenye kloramini, yaani klorini iliyokwisha kukutana na jasho na mkojo. Bwawa lenye klorini ya kutosha wakati wote halinuki hivyo.

Kisima ndicho kinachochagua

Sasa turudi kwenye birika. Upande wa mashariki wa Unguja, kuanzia Makunduchi hadi Matemwe, tunaishi juu ya mawe ya matumbawe. Mvua inapenya kwenye mawe hayo, inayeyusha chokaa njiani, na maji tunayoyavuta kisimani yamejaa kalsiamu. Sabuni haitoi povu vizuri, birika linaota gamba. Upande wa hasi wa seli ni birika lako lile lile, tena baya zaidi, kwa sababu ukali ule wa magadi nilioutaja unaifanya chokaa igande hata bila moto. Sahani ikishajaa gamba, umeme haupiti vizuri, klorini inapungua, na siku ya tatu bwawa linaanza kuwa na rangi ya maji ya madafu.

Ndiyo maana jambo la kwanza la kumwuliza muuzaji ni jinsi seli inavyojisafisha. Mashine nzuri hubadilisha upande wa chanya na hasi kila baada ya saa kadhaa, gamba likabanduka lenyewe na kuchukuliwa na maji. Uliza kama muda huo unaweza kupangwa. Kwa maji ya Jambiani au Paje ningeupanga uwe mfupi, kwa mfano saa 3, nikijua kwamba kila mgeuzo unakula kidogo rangi ile ya thamani iliyo juu ya sahani. Kwa maji laini ningeuacha uwe mrefu. Uliza pia kama seli ni angavu na kama inafunguka kwa mkono, bila kukata bomba. Utaifungua mara nyingi kuliko unavyodhani.

Gamba likibaki, seli inaoshwa kwa siki, au kwa tindikali iliyozimuliwa: sehemu moja ya tindikali kwa kumi za maji, na tindikali ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si kinyume chake. Acha itoe povu kwa dakika chache, suuza. Niliwahi kumkuta fundi mmoja amekaa kwenye kigoda na seli mapajani, anakwangua sahani kwa bisibisi kama anayepaa samaki. Sahani ziling'aa sana. Hazikutoa klorini tena, kwa sababu alichokwangua kilikuwa gamba pamoja na ruteniamu.

Kisima kina jambo la pili. Visima vingi vya pwani vina chumvi tayari, kwa kuwa maji matamu chini ya kisiwa yanaelea juu ya maji ya bahari, na ukivuta sana bahari inapanda. Pima kabla ya kununua hata kilo moja. Kipimo kidogo cha mkononi kinatosha.

Bwawa la mjomba lina urefu wa mita 8, upana mita 4, kina cha wastani mita 1.4, hizo ni kama lita 45,000, yaani mita za ujazo 45. Kwa gramu 3.5 kwa lita lingehitaji kilo 157 za chumvi. Lakini maji yake ya kisima yalikuwa tayari na gramu 1.2, kwa hiyo pengo lilikuwa gramu 2.3, sawa na kilo 104 hivi. Magunia mawili ya kilo 25 yaliokolewa kwa kipimo cha dakika moja.

Usinunue mita za ujazo, nunua gramu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kwenye kartoni huandikwa kwa herufi kubwa: "Bwawa hadi mita za ujazo 60." Mjomba alifurahi, bwawa lake ni 45, akasema imezidi. Nikamwambia ageuze kartoni atafute herufi ndogo. Ilikuwa imeandikwa gramu 12 kwa saa.

Gramu kwa saa ndiyo namba pekee ya kulinganisha mashine kwa mashine. Hesabu yake si ngumu. Gramu 1 kwenye mita 1 ya ujazo ni miligramu 1 kwa lita. Kwa jua letu na wageni waliojipaka mafuta ya kuzuia jua, mimi huhesabu bwawa la nje linakula miligramu 3 hadi 4 kwa lita kila siku. Kwa mita 45 za ujazo, chukua 4: ni gramu 180 kwa siku. Pampu ya mjomba inazunguka saa 8. Gawanya: gramu 22.5 kwa saa. Ile ya gramu 12, ikifanya kazi saa hizo hizo 8 bila kupumzika, inatoa gramu 96, nusu ya kinachohitajika. Waliosema mita 60 walikuwa wanahesabu pampu inayozunguka saa 24 kwenye nchi ya jua la uvuguvugu.

Na hiyo 22.5 isiwe ndiyo unayoinunua. Seli inayofanya kazi kwa asilimia 100 kila siku inachakaa mapema na haina akiba wageni wakijaa mwezi wa Agosti. Nunua ambayo itatosheka ikiwa kwenye asilimia 65 hadi 75. Kwa bwawa hili ni gramu 30 hadi 35 kwa saa. Ndiyo, ni ghali kuliko zile za kwenye picha. Lakini seli ni kama tairi: ina kilomita zake. Nyingi huhesabiwa maisha ya saa 8,000 hadi 10,000 za kufanya kazi, na siku ikifika utanunua seli mpya, si mashine nzima. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza bei ya seli peke yake, na nani Unguja au Dar es Salaam anayo stoo leo. Akikujibu "tunaagiza", ongeza jibu hilo kwenye bei.

Hesabu yote hiyo inaanguka kama hujatia stebilaiza, yaani asidi ya sayanuriki. Bila hiyo, jua la saa sita mchana hula sehemu kubwa ya klorini ndani ya saa mbili tu. Kwa bwawa la chumvi watengenezaji wengi hutaka miligramu 60 hadi 80 kwa lita. Usizidishe, maana ikizidi inaifunga klorini isifanye kazi, na njia ya kuipunguza ni kumwaga maji. Ukiwa umetumia vidonge vya klorini kwa miaka, pima kwanza. Vidonge vingi vina stebilaiza ndani na huenda bwawa limeshashiba.

pH, yaani kipimo cha maji kuelemea kwenye tindikali au kwenye magadi, nayo itapanda yenyewe. Viputo vya haidrojeni vinayakoroga maji na kuitoa hewa ya kaboni, pH inakwenda 8 na zaidi, klorini inalegea na gamba linapata nguvu. Tegemea kutia tindikali kila wiki ili ibaki baina ya 7.2 na 7.6. Muuzaji akikwambia mashine yake haihitaji dawa nyingine, mwulize hilo tu.

Umeme, na pahala pa kuutundika mkebe

Umeme wa Unguja unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waliokuwepo mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, wanakumbuka waya wa zamani ulipotuacha gizani. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013 na hali si ile tena, lakini umeme bado hukatika na kurudi kwa kishindo, na mashine ya chumvi bila umeme ni bomba la kawaida tu. Bakisha ndoo ya unga wa klorini stoo. Itakufaa pia bwawa likigeuka kijani, kwa kuwa mashine haina haraka, inatoa kwa kipimo chake; kijani kinataka dozi kubwa mara moja.

Unga huo usiuweke chumba kimoja na tindikali. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaua. Hata tindikali peke yake ikiwa chumba cha pampu, mvuke wake unakula mkebe wa umeme wa mashine ndani ya msimu mmoja.

Kuhusu mkebe huo, hewa yetu ya chumvi na mijusi yetu wameshaua mingi. Mjusi anapenda joto, anaingia kwa tundu la waya, anagusa anapogusa, wanaondoka wote wawili. Chagua uliofungwa vizuri kwa mpira, uutundike kivulini, ukutani, mbali na upepo wa bahari. Mashine zenye transfoma nzito ya kizamani mimi nazipendelea kuliko zile nyepesi, kwa sababu huvumilia umeme unaopanda na kushuka. Vyovyote iwavyo, weka kinga ya umeme, swichi inayokata umeme ukivuja, na waya wa ardhi wa kweli, si ule uliozungushwa kwenye msumari.

Matumizi yenyewe ya umeme si ya kutisha. Seli ya ukubwa tuliousema inakula wati 150 hadi 200, na pampu inakula mara nne au tano ya hapo. Uniti za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, zinaliwa na pampu.

Kitu cha kukikagua kwa macho yako ni swichi ya mtiririko, inayoizima seli maji yasipopita. Maji yakisimama na seli ikaendelea, haidrojeni inajikusanya kwenye bomba, na haidrojeni huripuka. Seli iwe imeunganishwa na pampu, ikizima moja izime nyingine, na swichi ya mtiririko iwe ya pili kuhakikisha. Mashine isiyo nayo iache dukani. Na saa ya kuwasha na kuzima pampu, ile ya kuzunguka, husimama umeme ukikatika. Baada ya wiki ya kukatika katika, pampu inajikuta inafanya kazi usiku wa manane na mchana bwawa limelala kwenye jua bila klorini. Lipia yenye betri ndani.

Kuna vitu vingine kwenye katalogi ambavyo havituhusu. Kinga ya baridi, kwa mfano: seli nyingi hudhoofika maji yakishuka chini ya nyuzi 15, jambo ambalo hapa halitatokea. Vipimo vya kudumu vinavyopima na kutia dawa vyenyewe ni vizuri kwa hoteli yenye fundi wake. Kwa vyumba sita, vinahitaji kusawazishwa mara kwa mara na kubadilishwa kila mwaka au miwili, na kipimo kilichopotea njia kitakumwagia tindikali usiku kucha kwa kujiamini kabisa.

Kabla hujajaza chumvi, tembea kuzunguka bwawa. Ngazi ya chuma cha pua cha daraja la 304 itaota madoa ya kutu. Ya 316 itavumilia. Kingo za mawe ya matumbawe, zinazopendwa sana na wageni kwa picha, hunyonya maji ya chumvi, yanakauka ndani, na jiwe linaanza kumomonyoka kama biskuti. Zipakwe dawa ya kuziba, na zimwagiwe maji matamu mara kwa mara.

Chumvi yenyewe? Pemba wanavuna chumvi, na moyo unataka kununua ya nyumbani. Ile ya mawe iliyotoka shambani moja kwa moja ina udongo, kalsiamu na madini mengine ambayo yatakuwa gamba na madoa. Tafuta iliyosafishwa, kavu, asilimia 99 au zaidi, isiyotiwa madini joto wala dawa ya kuzuia isigande. Kama bwawa linatumika wikendi mbili kwa mwaka na pampu inazimwa siku zilizobaki, usinunue wala chumvi wala mashine; baki na unga wako.

Mjomba alinunua ya gramu 30. Ilikwenda vizuri kutoka vuli mpaka masika, kisha taa ya "chumvi chini" ikawaka. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi na bwawa kufurika, kwa hiyo kijana wa bustani akatia gunia. Taa haikuzima. Akatia la pili. Kwa wiki mbili akatia manne, kilo 100, ndipo mjomba akanipigia.

Mashine nyingi hazionji chumvi. Zinapima umeme unaopita kwenye sahani na kukisia chumvi kutokana na huo. Umeme ukiwa mdogo husema chumvi imepungua, ingawa sababu inaweza kuwa gamba, au sahani zilizochakaa, au waya uliolegea. Nilipofika na kipimo cha mkononi, maji yalikuwa na gramu 5.3 kwa lita. Nilipofungua seli, baina ya sahani ulikuwa hupitishi hata kijiti cha kiberiti. Palikuwa peupe kama lile birika. Lita tano za siki, robo saa, taa ikazima, na mara ikawaka nyingine: "chumvi juu."

Ilibidi kumwaga theluthi ya bwawa na kujaza upya. Nilisema maji yale yapelekwe mbali na kisima, yamwagwe taratibu kwenye minazi, kwa kuwa mnazi unaistahimili chumvi. Kijana aliyaelekeza mahali palipokuwa karibu. Nilipokwenda tena mwezi uliofuata migomba yote saba ya uani ilikuwa imeungua majani pembeni, na shangazi alikuwa amekaa barazani anaitazama, hasemi na mtu.